RAM Haijazi Kioo

“Fundi, niongeze RAM ngapi ndipo mchezo wa Vice City ujae kioo?” Swali hili naulizwa Makutano hapa Meru, naulizwa Chuka, na nikishuka Embu mjini nalikuta limenitangulia. Jibu ni sufuri. Usiongeze chochote.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo vijana wanapoliwa pesa. Grand Theft Auto: Vice City ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2003, ilihitaji angalau RAM ya MB 128. Laptopu ya eks-UK, yaani mtumba wa Uingereza, unayoniletea ina GB 8, mara 64 ya hiyo. Tena mchezo ule ni programu ya biti 32, na programu ya kizamani ya aina hiyo Windows huipa nafasi ya GB 2 tu. Weka GB 16, weka 32, haitazigusa. Inauma kumwambia mwanafunzi wa Nchiru kwamba pesa ya matumizi ya muhula imeishia kwenye kipande ambacho hakikuhitajika, huku sehemu ya mchezo ingali imekatwa nje ya kioo vilevile.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kwenye laptopu ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080, maandishi hutokea madogo mno, kwa hiyo Windows huyakuza hadi asilimia 150. Programu mpya hujua na kujipanga. Ya zamani haina habari, basi Windows huiambia kioo kina pikseli 1280 kwa 720. Mchezo ukifungua dirisha la 1024 kwa 768, pikseli 48 za chini zinakosa pa kukaa, na kitufe cha kuanzia kilichokuwa huko chini hukioni tena. RAM itasaidia nini hapo?

Wengine, kukwepa hilo, hushusha kioo kizima hadi pikseli 800 kwa 600. Pikseli za kioo cha kisasa haziongezeki wala hazipungui, kwa hiyo picha ndogo ikitandazwa juu yake huingia ukungu. Na picha ya 4 kwa 3 ikivutwa ifike 16 kwa 9 hupanuka kwa theluthi: Tommy Vercetti, mhusika mkuu wa mchezo, ananenepa ghafla, magurudumu yanakuwa mayai.

Fanya hivi. Funga mchezo. Bonyeza faili lake la .exe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, Compatibility, kisha Change high DPI settings. Weka tiki kwenye Override, chagua Application, hifadhi. Wengi wenu mtapona hapo. Picha ikiwa bado imevutika, nenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha, Intel au NVIDIA, uagize uwiano wa picha uhifadhiwe. Mistari myeusi ya pembeni si hitilafu, iache. Kwa mchezo wa 640 kwa 480 kama StarCraft ya 1998, baadhi ya kadi zilizotoka kuanzia 2019 zinaweza kukuza kwa namba kamili: mara mbili, 1280 kwa 960, bila ukungu. Vice City ina faili za kurekebisha upana zilizotengenezwa na wapenzi wake. Nakili folda nzima ya mchezo kwanza, ndipo uzitie. Faili ikikutaka uzime antivirasi, ifute papo hapo.