Unadhifu wa mwanamume katika joto la Bariadi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa mjini Bariadi, ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mashati, suruali na suti za kiume zinazouzwa katika maduka na minada yake imetengenezwa kwa polista, yaani nyuzi za viwandani zinazotokana na mafuta ya petroli, ambazo haziafikiani na jua la mchana linalofikisha nyuzi joto 30 au zaidi. Ukinzani huo una sababu mbili: njia inayopitiwa na pamba baada ya kuvunwa, na mazoea ya kuupima unadhifu wa mwanamume kwa wingi wa nguo alizovaa.

Mkulima wa Maswa, Meatu, Itilima, Busega au Bariadi huuza pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado imeshikana na mbegu zake, nayo hupelekwa kiwandani kuchambuliwa ili ipatikane pamba nyuzi, ambayo huwa takriban theluthi moja ya uzito wote. Nyuzi hizo hufungwa marobota, na sehemu kubwa husafirishwa nje ya nchi kabla ya kusokotwa wala kufumwa, kwa kuwa viwanda vya nguo vya umma, kikiwamo Mwatex cha Mwanza na kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, vilidhoofika katika miongo iliyofuata. Kwa hiyo kitambaa anachokikuta mnunuzi dukani kimetoka mbali, na mara nyingi si cha pamba.

Tofauti ya vitambaa hivyo huonekana mwili unapojipoza. Jasho linapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye ngozi, na vazi linalofaa ni lile linalolinyonya na kuliachia hewani. Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu unaofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake, ilhali polista hubeba chini ya asilimia 1, jambo linaloufanya unyevu ubaki kati ya ngozi na nguo. Kiangazi cha Simiyu, kuanzia Juni hadi Septemba, kina hewa kavu kuliko ya pwani, hivyo jasho hukauka upesi zaidi Bariadi kuliko Tanga, mradi tu kitambaa kisilizuie.

Upana wa vazi nao una uzito wake, pengine kuliko rangi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 katika jarida la Nature, uliochunguza sababu ya Wabedui kuvaa majoho meusi jangwani, ulionyesha kwamba joto la ziada linalonyonywa na joho jeusi halifiki kwenye ngozi, kwa sababu vazi hilo ni pana na hewa hupita kati yake na mwili. Kanzu ya pwani hufuata kanuni hiyohiyo, na shati lililobana hupoteza faida hiyo hata likiwa jeupe.

Kuhusu mazoea ya kuupima unadhifu kwa wingi wa nguo, Afrika Mashariki ilikwisha kupata jibu lake rasmi katika suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda, ambayo ni koti jepesi, mara nyingi la mikono mifupi, lenye suruali ya kitambaa hichohicho na lisilohitaji tai. Vazi hilo lilizoeleka miongoni mwa viongozi na watumishi wa Tanzania, ingawa si kila mahali linakubalika, kwani Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alilipiga marufuku katika Bunge la Taifa la Kenya. Japani, kinyume chake, ilianzisha mwaka 2005 kampeni ya kuwahimiza watumishi kuacha koti na tai wakati wa kiangazi ili kupunguza matumizi ya viyoyozi. Heshima ya vazi, basi, ni makubaliano ya jamii, na makubaliano hubadilika.

Kwa mwanamume wa Bariadi, ambaye mara nyingi hushona nguo mpya baada ya malipo ya pamba, nafasi ya kuamua iko kwa fundi cherehani. Kitambaa kinaweza kupimwa kwa kuchoma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini polista huyeyuka na kuganda kuwa kipande kigumu. Koti linaweza kushonwa bila bitana, yaani kitambaa cha ndani, au kwa bitana ya nusu mgongo, na shati likaachiwa nafasi kwapani na mgongoni huku mabega na urefu wa mikono vikipimwa kwa makini, maana hapo ndipo jicho la mtazamaji huhukumu. Rangi ya kaki, kijivu hafifu au hudhurungi hustahimili vumbi la kiangazi kuliko nyeupe. Pamba hukunjamana, na hiyo ndiyo gharama yake, lakini pasi ya asubuhi huondoa mikunjo hiyo, ilhali polista iliyolowa jasho saa saba mchana haina cha kuirekebisha.