Usiulize kilomita, uliza betri

Juma lililopita, baada ya Alasiri, mpwa wangu alinijia barazani na picha za gari kwenye simu yake. Ni Nissan Leaf ya mwaka 2015, gari la umeme, jeupe, viti safi kama havijakaliwa. Limetumika Japani, kisha likaja hapa Mombasa na kupita mkononi mwa mtu mmoja. "Mjomba, lina kilomita 46,000 tu," akanambia. "Hili halijachoka." Anataka kulitia kazi ya teksi, na pesa zenyewe ni za mamake, dada yangu, alizojinyima miaka kwa kuuza mahamri na mbaazi. Nikamuuliza betri ikoje. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza gari kabila gani.

Sikumlaumu. Tumezoea injini, na kwenye injini kilomita ndizo umri. Hata mimi niliyesomea umeme ngazi ya diploma, betri tuliyofundishwa enzi zetu ni ile ya risasi na asidi. Hii ya lithiamu nimejifunza ukubwani.

Betri ya simu na ya gari lile ni ndugu. Aina hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioiwezesha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna pande mbili, na katikati mna majimaji ya kemikali. Ukichaji, chembe za lithiamu huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, mfano wa abiria wa feri ya Likoni asubuhi. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka jioni. Idadi ya abiria wanaoweza kuvuka ndiyo chaji yako.

Shida ni kwamba si wote wanaorudi. Upande wa pili, ambao ni wa grafiti, hufanya utando mwembamba pale unapogusana na yale majimaji. Utando huo unahitajika, bila huo betri isingedumu. Lakini haukomi kukua, na kila unapokua humeza lithiamu kidogo. Mama wa Kiswahili anaujua mchezo huu: ni ukoko wa wali. Punje iliyogeuka ukoko haihesabiki tena kwenye sinia, na moto ukizidi, ukoko huzidi.

Sasa angalia: ukoko huu hukua hata betri ikiwa imetulia tu. Ndiyo maana betri huzeeka kwa njia mbili kwa pamoja. Huzeeka kwa kazi, yaani kuchajiwa na kutumiwa, kwa sababu zile pande mbili hutanuka na kunywea kila mara mpaka zikaingia nyufa. Na huzeeka kwa miaka, hata ikiwa kabatini. Gari la kilomita chache lililosimama juani miaka kumi laweza kuwa na betri mbovu kuliko lililokimbizwa miaka minne.

Na hapa ndipo sisi wa Pwani tunapopaswa kuwa macho, maana adui mkubwa ni joto. Kanuni ya kukadiria wanayotumia wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya kemikali hukaribia kuongezeka maradufu. Apple wenyewe huonya kwamba simu ikikaa mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 35, uwezo wa betri waweza kuharibika moja kwa moja. Sisi Kaskazi ikivuma tunafika nyuzi 32 au 33 kivulini. Ndani ya gari lililofungwa juani ni zaidi ya 50. Nikiona dereva wa tuktuk amebandika simu mbele ya kioo, jua linaipiga, ramani imewashwa na waya wa chaji umechomekwa, wallahi naihurumia ile simu.

Adui wa pili ni kujaa muda mrefu. Betri iliyojaa asilimia 100 iko kwenye mkazo wa juu, na kemikali zake hushambuliana kwa haraka zaidi. Kujaza si kosa, kosa ni kuiacha imejaa siku nzima na tena kwenye joto. Simu ilalayo chini ya mto ikichajiwa usiku kucha hupata yote mawili. Mimi hukomea asilimia 80 hivi siku za kawaida, nikisafiri najaza. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kuweka kikomo hicho kwenye mipangilio.

Na lile agizo la muuzaji kwamba simu mpya uichaji saa nane kwanza, kisha uitumie mpaka izime? Hilo ni la betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Betri ya lithiamu haitaki kuzimishwa. Ukitumia nusu leo ukajaza, na kesho nusu ukajaza, hiyo ni duru moja tu, si mbili. Kwa simu nyingi, duru kama 500 kamili huiacha na asilimia 80 ya uwezo wake. Na simu ya akiba usiiweke kabatini imeisha chaji kabisa, iache nusu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu: simu inaonyesha asilimia 30 halafu inazima ghafla. Si uchawi wala si lazima fundi amekuibia. Betri kuukuu, mbali na kupungua ujazo, huwa koo lake limebana. Ukifungua kamera, simu hudai umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaanguka, simu inazima. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakizipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime hivyo. Wateja walikasirika, kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Lakini betri ikivimba, usiitoboe wala usiikandamize. Acha kuitumia, umpelekee fundi. Inaweza kuwaka moto.

Tukirudi kwa Leaf. Magari mengi ya umeme ya sasa yana majimaji yanayozungushwa kupoza betri. Leaf ya umri huo haina, hutegemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, nchi ya jangwa, walilalamika betri zao zinapungua upesi, na mwaka uliofuata Nissan wakaongeza dhamana ya ujazo wa betri.

Kwenye dashibodi yake kuna vistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Hivyo ndivyo umri wa betri. Cha kwanza hupotea uwezo ukipungua kama asilimia 15, vinavyofuata kama asilimia 6 kila kimoja. Mpwa wangu akampigia muuzaji, akaambiwa vimebaki 9. Hiyo ni kama asilimia 70. Likiwa jipya, gari lile lilipimwa kwenda kilomita 135 hivi. Sasa ni kama 95. Kwenda Malindi ni kilomita 120, kwa hiyo ungeachwa mahali fulani kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, hata Gede hujafika.

Na vistari navyo si vya kuaminiwa kabisa, kuna walaghai wanaoirudisha hesabu ya kompyuta ya betri ionekane mpya kwa muda. Kipimo ni barabara. Jumamosi tukalichukua likiwa asilimia 100, AC imewashwa, mpaka Mtwapa na kurudi, kilomita 35, na foleni ya Nyali tukaila yote. Tuliporudi lilikuwa na asilimia 62.

Mpwa wangu akapiga hesabu mwenyewe mle ndani ya gari: kilomita 92, na teksi yake ya sasa hupita 150 kwa siku. Muuzaji amekwisha kushusha bei mara mbili. Pesa bado ziko kwa dada yangu.