Macho Mazima Nayo Hutofautiana

Kisenyi, mjini Kampala, ni mtaa wa gereji, vinu vya kusagia mahindi na mafundi wa vyuma. Tuseme askari polisi amefika katika gereji mojawapo kuchunguza ajali, naye ataka kujua kama mlango wa gari jekundu umepakwa rangi upya. Fundi wa kwanza autazama juani, asema rangi ni ile ile ya bodi. Mwenzake asimama pale pale, asema wekundu wa mlango umezidi kidogo. Je, mmoja wao ni mwongo?

Aghalabu mchunguzi huharakisha kumshuku mmojawapo. Lakini sayansi yaonyesha kwamba huenda wote wawili wasema kweli.

Ndani ya jicho mna seli za aina tatu zitambuazo rangi. Aina moja hupokea zaidi mwanga wa samawati, ya pili wa kijani, na ya tatu hujulikana kwa jina la nyekundu. Kila aina ina protini yake, na kila protini hutengenezwa kwa maagizo ya jeni tuliyorithi kwa wazazi. Mwaka 1986, Jeremiah Nathans na wenzake huko Marekani walizitambua jeni hizo. Ya nyekundu na ya kijani zimepangana katika kromosomu ya X, nazo zafanana mno. Kwa sababu ya kufanana huko, huweza kubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinapoumbwa. Ndiyo maana zimejaa tofauti.

Tofauti moja yajulikana sana. Protini ya nyekundu ni mnyororo wa pingili 364. Katika pingili ya 180, baadhi ya watu wana serini, wengine wana alanini. Mwaka 1992, uchunguzi wa wanaume wa asili ya Kizungu wenye macho mazima ulionyesha kwamba 62 kwa mia walikuwa na serini na 38 kwa mia alanini. Walipoambiwa wachanganye mwanga mwekundu na wa kijani hadi ufanane na wa manjano, wenye serini walihitaji wekundu mchache zaidi. Mwaka 2004, Brian Verrelli na Sarah Tishkoff walitangaza uchunguzi wa jeni hiyo katika watu 236 wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Waafrika, wakakuta tofauti nyingi.

Mwanamume ana kromosomu moja tu ya X, aliyopewa na mama yake. Mwanamke anazo mbili. Hivyo huweza kuwa na serini katika baadhi ya seli za jicho na alanini katika nyingine.

Yafaa ifahamike kwamba huu si upofu wa rangi. Upofu huo ndio unaotafutwa kwa vitabu vya vidoto vya Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, vilivyochapishwa mwaka 1917. Askari wawili waweza kuufaulu mtihani huo bila kosa, kisha wakabishana juu ya rangi mbili zinazokaribiana. Tofauti hizi ni ndogo: hazigeuzi gari jekundu kuwa la kijani. Shahidi anayekosea kiasi hicho ana sababu nyingine, iwe giza, umbali, upofu wa rangi au hila.

Basi, ndugu askari, shahidi wawili wakihitilafiana kidogo juu ya rangi, usiwalazimishe wakubaliane. Mhoji kila mmoja peke yake, uandike maneno yake kama alivyoyatamka, na uonyeshe kama palikuwa na jua au taa. Kisha kipande cha rangi kipelekwe kwenye maabara, kwa kuwa chombo cha kupimia hakirithi jeni za mtu yeyote. Mtu asipoteze uhuru wake kwa sababu ya pingili moja katika 364.