Matairi yasiyo ya gari lake: Suluhu haiuzi usalama wa abiria

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Masahaba zake wote.

Katika mizozo inayoletwa misikitini baada ya sala, ile ya ndoa na mirathi ndiyo iliyozoeleka. Upo mwingine unaozidi kadiri magari yanavyozidi katika miji yetu, nao ni mzozo baina ya wenye magari na mafundi wa gereji. Leo tunapenda kuueleza mmoja wao, kwa kuwa ndani yake yamo mafunzo yanayomhusu kila anayeuza, kila anayenunua, na kila anayepanda gari la mwenzake.

Mzozo wenyewe

Mtu mmoja mwenye Hiace ya kubeba abiria aliipeleka gereji, akaomba afungiwe matairi manne mapya "ya namba kumi na tano". Mwenye gereji akayatoa matairi katika stoo yake, akayafunga, akapokea Sh 640,000. Hapakuandikwa kitu zaidi ya kiasi cha fedha.

Siku ya tisa dereva alilalamika kwamba gari linayumba kwenye kona likiwa na abiria, na kwamba mshale wa spidi unaonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wanaokwenda. Fundi mwingine akainama, akasoma maandishi ya ubavuni, akasema matairi hayo ni ya gari dogo la familia. Siku hiyo hiyo mwenye gari akaliegesha. Akarudi gereji kudai fedha zake zote, pamoja na mapato ya siku mbili ambazo gari lilisimama. Mwenye gereji akajibu kwamba aliagizwa namba kumi na tano, naye akafunga namba kumi na tano. Na kwamba tairi lililokwisha kukanyaga lami halirudi dukani.

Wazee wa mtaa, kwa nia njema, wakapendekeza wagawane hasara: mwenye gereji arudishe Sh 150,000, na mwenye gari aendelee kuyatumia matairi yale mpaka yaishe kashata. Wahusika wote wawili walikuwa tayari kupeana mikono. Ndipo suala likafikishwa kwetu kwa swali moja: je, suluhu hiyo inafaa?

Tairi lina maandishi yake

Kabla ya kutafuta hukumu ni lazima jambo lenyewe lifahamike, kwani mafaqihi wanatufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Tulitaka matairi yasomwe mbele ya wote.

Matairi mapya yaliandikwa 195/65 R15 91H. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. Herufi R inaeleza muundo wa nyuzi zake za ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 91 ni alama ya uzito, na maana yake tairi moja lisibebeshwe zaidi ya kilo 615. Herufi H ni alama ya mwendo, yaani mwisho wake ni kilomita 210 kwa saa.

Matairi ya zamani, ambayo bado yalikuwa nyuma ya gereji, yaliandikwa 195 R15C 106/104. Upana ni ule ule na rimu ni ile ile. Lakini herufi C huwekwa kwenye matairi ya magari ya kazi, na alama 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104 hutumika pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja.

Hesabu ni nyepesi. Matairi manne ya zamani yangeweza kubeba kilo 3,800. Matairi manne mapya mwisho wake ni kilo 2,460, na gari la abiria likijaa watu na mizigo yao hukipita kiwango hicho kwa urahisi. Tena matairi hayo mapya yana kipenyo kidogo kwa takriban sentimita sita, na ndiyo sababu mshale wa spidi ulikuwa ukizidisha. Tairi linalobebeshwa kupita kiwango chake hujikunja ubavuni kila linapozunguka, likapata joto, na joto hilo ndilo linalolipasua gari likiwa katika mwendo.

Kwa hiyo mwenye gereji alisema kweli kuhusu namba kumi na tano, lakini namba hiyo ni ya rimu tu. Haisemi lolote juu ya mzigo.

Haki itangulie

Swali la kwanza ni hili: mnunuzi ambaye hakutaja zaidi ya ukubwa wa rimu, je, amejinyima haki yake mwenyewe? Jibu letu ni hapana. Maulamaa wameweka kanuni kwamba lile linalojulikana kwa desturi ya watu lina hukumu ya lile lililowekewa sharti. Mtu aliyelileta gari lake mpaka mlangoni amekwisha kueleza anachokitaka kuliko maneno yake. Anayeleta Hiace anataka matairi ya Hiace, na fundi ndiye anayetarajiwa kulijua hilo. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba anayejitia katika utabibu bila ya kujulikana kuwa na elimu yake hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, na wanavyuoni wameipitisha kwa kila mwenye kazi ya ufundi.

Swali la pili: matairi yaliyotumika siku tisa yanarudishwa? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, mnunuzi anayegundua aibu katika bidhaa ana khiyari ya kuirudisha, kwa sharti asichelewe bila ya udhuru na asiendelee kuitumia baada ya kujua. Bidhaa ikipata kasoro mpya mikononi mwake, haki yake ya kulazimisha irudishwe huondoka, na hapo pande mbili hutazama fidia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametoa katika Minhaj mfano ambao kila nyumba ya pwani inaufahamu: nazi. Nazi iliyooza haijulikani mpaka ivunjwe. Mnunuzi aliyeivunja kwa kadiri ya kuijua aibu yake anairudisha, wala hatozwi kwa kuivunja.

Sisi tuliona tairi la mtu asiye fundi linafanana na nazi hiyo. Hakuwa na njia ya kuijua kasoro yake ila kwa kulitembeza, na alipojua alisimama papo hapo. Lau angeendelea kubeba abiria wiki nyingine baada ya kuambiwa, tungesema ameridhia, na hoja ya mwenye gereji ingepata nguvu.

Na mapato ya zile siku tisa? Hayo ni yake mwenye gari. Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba manufaa ya kitu ni ya yule ambaye hasara ya kitu hicho ingekuwa juu yake. Ama mapato ya siku mbili ambazo gari liliegeshwa, mafaqihi wengi hawaihesabu faida ambayo haijapatikana kuwa ni mali ya kulipwa. Hapo mwenye gari alikuwa na huzuni, lakini hakuwa na deni la kudai.

Mpaka wa suluhu

Sasa turudi kwenye pendekezo la wazee. Suluhu ni jambo tukufu, na Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 128, imeisifu kuwa ni kheri. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Kaab bin Malik aligombana msikitini na mtu aliyekuwa akimdai, mpaka sauti zao zikafika nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Akafunua pazia, akamwashiria Kaab aache nusu ya deni. Kaab akakubali, na hapo hapo mdaiwa akaamrishwa asimame akalipe. Tuzingatie kwamba deni lilijulikana, mwenye haki akasamehe kwa hiari yake, na malipo hayakuahirishwa.

Lakini suluhu ina mpaka. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inaeleza kwamba suluhu baina ya Waislamu inafaa, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mtu anaweza kusamehe fedha zake. Hawezi kusamehe shingo ya mwenzake. Katika mapatano yale ya Sh 150,000 walikuwapo watu wengine ambao hawakuitwa barazani: mama anayekwenda sokoni alfajiri, mwanafunzi aliyesimama mlangoni, na dereva ambaye kazi yake ni kutii. Hao ndio ambao wangeyapanda matairi yale mpaka yaishe kashata. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wakipunguziana bei ya hatari ambayo ingebebwa na watu wengine. Suluhu hiyo tuliikataa, na wazee, Allah awalipe kheri, walilielewa hilo mara moja.

Vilevile wanavyuoni wa Kishafii hawaisihishi suluhu ya mali ambayo mdaiwa bado anaikana haki yenyewe, ingawa madhehebu mengine matatu yanaikubali. Kwa sababu hiyo tulianza kwa kuyasoma matairi. Mwenye gereji alipoziona tarakimu mbili zile, 91 na 106, alikiri kwamba hayalingani. Baada ya kukiri, njia ikafunguka.

Namna walivyopatana

Makubaliano yalikuwa haya. Mwenye gereji ayachukue matairi yake na kufunga mengine yenye alama ya gari, bila ya malipo mengine ya ufundi. Kwa kuwa matairi ya gari la kazi yana bei kubwa zaidi, mwenye gari aongeze tofauti ya bei, kwani hakuna haki ya kupata kitu bora kwa bei ya kitu duni. Mwenye gari asamehe madai ya zile siku mbili. Na yale matairi manne yauzwe kwa mwenye gari dogo linaloyastahiki, kwa kuelezwa waziwazi kwamba yametembea siku tisa.

Sharti hili la mwisho tulilisisitiza. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta umajimaji. Alimkemea mwenye rundo kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Kumaliza ugomvi na mteja mmoja kwa kumficha mteja mwingine ni kuhamisha dhulma kutoka nyumba hii kwenda nyumba ya jirani. Mapatano yakaandikwa, na watu wawili wakashuhudia.

Pale mapatano yanaposhindikana, kwenda mahakamani si aibu wala si uadui. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ipo Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji, na zipo Mahakama za Mwanzo. Ndugu zetu wa Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi Sh milioni moja ya huko.

Nasaha kwa familia

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inatuelekeza kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana. Basi mwenye gari anayekwenda kununua matairi aandike kwanza maandishi yote ya tairi linalostahiki, ambayo katika magari mengi hupatikana kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na ayataje yote, pamoja na alama ya uzito. Ahakikishe risiti imeyabeba maandishi hayo. Aangalie pia tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT: 1424, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Ayasome matairi kabla hayajafungwa, kwa kuwa ugomvi wa kabla ya kufunga humalizwa kwa neno moja.

Na fundi, ndugu yetu, akumbuke kwamba mteja anapomwachia ufunguo amemwachia amana. Akiulizwa tairi la namba kumi na tano, amuulize mteja: la gari gani, na linabeba nini? Swali hilo halichukui hata dakika moja, na huenda likawa sadaka kubwa kuliko aitoayo siku nzima.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie ukweli katika biashara zetu, atupatanishe kwa haki, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Wabillahi tawfiq.