Tumeomba, na kazi hatujapata: maombi ni ya nini basi?

Ndugu na dada, tuseme kweli. Wengi wetu tulimaliza lisansi, tukapiga magoti, tukafunga siku tatu, tukaenda kesha la Ijumaa, na dosye ingali imelala kwenye biro fulani bila jibu. Halafu mtu anakuambia: imani yako ni ndogo. Neno hilo linaumiza, tena si la haki.

Yesu mwenyewe, kule Getsemane, aliomba kikombe kile kimuepuke. Hakikumuepuka. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, ukabaki. Nani atasema hao walikosa imani?

Shida iko hapa: tunaomba kama vile tunampelekea Mungu habari asiyokuwa nayo, ao tunamlipa kwa njaa yetu ili naye atulipe kazi. Lakini Matayo 6 inasema Baba anajua mahitaji yetu hata mbele hatujafungua mdomo. Sasa, juu ya nini kuomba? Augustino, askofu Mwafrika wa Hipo (leo ni Algeria), alimwandikia mjane mmoja, Proba, juu ya jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 5. Kwa maneno yangu: Mungu hangoji tumjulishe kitu, anataka hamu yetu ipanuke mpaka tuweze kupokea kile anachotaka kutupa.

Kwa matendo, minapenda sana Nehemia. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba, kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, karibu miezi 4. Sala yake ya sura ya 1 inaanza na sifa, inaungama makosa, yake na ya baba zake, na ombi lake mwenyewe linakuja mwisho kabisa, kidogo tu. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba pale pale, kimoyomoyo, halafu akasema wazi: muda wa safari, barua kwa wakuu wa majimbo, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu, apewe miti. Dosye kamili! Kwangu mimi, ile miezi ya magoti njo ilimfundisha aombe nini.

Na siku zile sauti haitoke kabisa? Fungua Zaburi 88. Inaanza na kilio, inaishia gizani, bila hata asante moja. Na waliiacha ndani ya Biblia.