Utani Kazini: Mpaka Uko Wapi?

Ni Jumatatu asubuhi na kikao cha idara kinaanza. Mezani kuna wahandisi watano, mmoja wao mwanamke. Kabla ya ajenda ya kwanza, sauti inatoka upande wa dirisha: "Madam, tusaidie na chai. Mambo ya barabara tuachie sisi." Watu wanacheka. Naye anacheka kidogo, anainuka na kuchukua thamosi. Wiki mbili baadaye yanatolewa majina ya wanaokwenda kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi. Jina lake halimo, na hakuna anayeshangaa.

Mambo kama haya hutokea katika afisi za umma, hospitali, maduka na viwanda. Aliyesema hujitetea kwamba alikuwa anatania tu. Makala haya yanaeleza ni wakati gani utani hugeuka ubaguzi wa kijinsia, sheria inasema nini, na ufanye nini yakikupata.

Utani una kanuni zake

Katika jamii zetu nyingi, babu humwita mjukuu wake "mke wangu", na mjukuu humjibu kwamba hamtaki mzee asiye na meno. Wote wawili wana ruhusa ya kutaniana na hakuna anayepoteza kitu. Kazini mambo ni tofauti. Meneja akimtania karani, watu hucheka. Karani akijibu vivyo hivyo, huenda akaandikiwa barua ya kujieleza. Pale ambapo mmoja tu ndiye mwenye ruhusa, huo si utani tena.

Kabla ya kusema, jiulize:

- Je, ningemwambia hivyo mwenzangu wa jinsia nyingine?
- Maneno yangu yanahusu kazi yake, au mwili, mavazi, ndoa au ujauzito wake? "Ripoti yako ni nzuri" ni sifa. "Ungevaa hivi kila siku tungefurahi" haihusu kazi.
- Anaweza kunijibu bila kuogopa?
- Ameonyesha kwamba hapendi? Kunyamaza au kucheka kidogo si kukubali.

Wanaume pia huumizwa. Kuna muuguzi anayeulizwa kama alikosa kazi ya wanaume, na baba anayechekwa kwa kuomba likizo yake ya wiki 2 mtoto anapozaliwa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua au kumsumbua mfanyakazi, au anayetafuta kazi, kwa sababu ya jinsia au ujauzito. Mwajiri akilaumiwa kwa ubaguzi huo, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea.

Kifungu cha 6 kinahusu unyanyasaji wa kingono. Kinagusa maneno ya kingono yanayosemwa au kuandikwa, picha na vitendo ambavyo mhusika havitaki na vinavyoathiri kazi yake. Anayefanya hivyo anaweza kuwa mwajiri au mfanyakazi mwenzako. Kwa hivyo ujumbe katika kundi la WhatsApp la afisi hauko nje ya sheria. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili.

Kwa mtumishi wa umma au mwenye mamlaka, kuendelea kumtaka mtu kimapenzi huku akijua hatakiwi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Ufanye nini

Ukiweza, mwambie mhusika waziwazi kwamba hupendi. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Usifute jumbe.

Ripoti kwa msimamizi wako au idara ya wafanyakazi. Ikiwa msimamizi ndiye mhusika, nenda kwa aliye juu yake. Wafanyakazi wa kaunti wanaweza pia kuifikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mfanyakazi yeyote anaweza kwenda kwa afisi ya leba iliyo karibu, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au mahakama ya masuala ya ajira na leba.

Ukiwa ni wewe uliyetamka na ukaambiwa umekosea, usimwambie mwenzako kwamba hajui utani. Omba msamaha na usirudie.

Na ukiwa umeketi tu mezani, una nafasi pia. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Si lazima utoe hotuba. Unaweza kusema, "Chai kila mtu atajimiminia. Mhandisi, tueleze kuhusu barabara."