Mpira Usiotulia: Zoezi la Mgongo na Tatizo la Jina Lake

Katika Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, kazi ya mgongo haihitaji kutafutwa. Mchumaji chai huinamia michai kwa saa nyingi akichuma majani mawili na chipukizi, kisha huubeba mzigo wake hadi kituo cha kununulia. Yamkini msomaji atauliza: mtu kama huyo ana haja gani na mpira wa mazoezi, chombo kilichozoeleka katika kumbi za mijini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo na, kwa kuwa jibu limefungamana na lugha, kulichunguza jina la chombo chenyewe.

Mpira unaozungumziwa ni ule mkubwa wa plastiki unaojazwa hewa. Aquilino Cosani, mtengenezaji wa vifaa vya plastiki nchini Italia, aliuunda mwaka 1963. Baadaye ulitumiwa nchini Uswisi na wataalamu wa tiba ya viungo, akiwemo Susanne Klein-Vogelbach wa Basel. Ndiyo maana Wamarekani wakauita mpira wa Uswisi.

Jina jingine la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutupa "mpira wa uthabiti". Hapo ndipo upotoshi unapoanzia, kwani mpira huo hauna uthabiti hata chembe. Mtu anapoukalia huyumba, nayo misuli ya tumbo, mgongo na nyonga hulazimika kukaza na kulegea bila kukoma ili asianguke. Huko kuyumba ndiko zoezi lenyewe. Anayeamini kwamba uthabiti umo mpirani ataukingia mawe pande zote usibingirike, na kwa kufanya hivyo ataiondoa kazi aliyoikusudia. "Mpira wa kujisawazisha" lingekuwa jina bora: kirejeshi nafsi -ji- humtwika mtumiaji wajibu ambao tafsiri sisisi imeutwika mpira. Ni refu kidogo, lakini halidanganyi.

Turudi kwa mchumaji. Kazi yake humkunja upande mmoja tu, mbele, siku nzima. Akilala kifudifudi juu ya mpira, viganja na ncha za miguu vikigusa sakafu, kisha akainua polepole mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, na baadaye kinyume chake, misuli inyooshayo mgongo hufanya kazi bila mzigo wowote. Haya si mazoezi ya kujenga nguvu nyingi. Mwili unaoyumba hauwezi kutoa nguvu zake zote, na kwa hilo ardhi tambarare inafaa zaidi. Aidha, mwenye maumivu yanayoteremka hadi mguuni, au ganzi, amwone daktari kwanza.

Ukubwa nao una maana. Mpira wa sentimita 55 huwafaa wengi wenye kimo cha kati, na ule wa 65 walio warefu. Kipimo cha haki ni kwamba aukaliapo, mapaja yawe sambamba na sakafu. Anayeanza aujaze hewa pungufu kidogo, kwani mpira laini hutandaa chini na kuyumba kwa kiasi. Wala asiutumie uani: katika miteremko ya Githongo utamtangulia hadi mtoni, na kijiti kilichochongoka huweza kuutoboa. Sakafu iliyofagiwa ndani ya nyumba, karibu na ukuta wa kushikilia siku za kwanza, yatosha.